Nati za Gurudumu la Mbele

Mama watoto,

Usiguse gari leo, nakuomba. Watoto waende shule kwa miguu, uwasindikize.

Asubuhi nimejaribu nati za gurudumu la mbele. Nne kati ya tano zikazunguka kwa vidole! Jumapili nilipokwambia zimekaza, kumbe ile boksi spana yetu ya kukazia nati, ya bei rahisi, ilikuwa inateleza tu juu yake. Ulisema unasikia mlio, nikakujibu, "Umekuwa fundi lini wewe?" ~~Na ulivyonikera na huo mlio wako~~ Mlio ulikuwa wa kweli, nawe umewabeba watoto wiki nzima.

Nimekwenda kwa yule rafiki yangu fundi anichagulie seti nzuri ya boksi spana. Nimempigia simu, anasema boksi iwe ya kona sita, ikumbatie nati kila upande, na chuma kiwe kigumu. Hii yetu imezilamba nati kona zote. Nimetia nati moja mfukoni, niipime dukani kabla sijalipa.

Chai iko kwenye chupa. Nilisimama mlangoni nikuamshe, lakini nilipoona mdogo amelalia mkono wako, nikaurudisha mlango taratibu, nikaja kuandika haya.

Baba watoto