Mgonjwa wa Kumi na Mbili

Dada Mwende,

Nakuandikia kwenye kurasa ulizoacha tupu. Mdogo wako alinipa daftari hili jana nilipopita kwenu, mtaa wa Mountain View, kuwajulia hali. Nimelisoma, na tangu hapo naogopa.

Unakumbuka ulivyonifundisha. Daktari anauliza mfumo wa kompyuta kuhusu mgonjwa. Mfumo unajibu jina, umri, na dawa zinazomdhuru. Kazi yetu ni kuuliza kabla yake. Ulibuni wagonjwa kumi na wawili, ukaandika jibu la kila mmoja kwa mkono kabla hujagusa kompyuta. Kisha skripti, ile programu yako ndogo, ikalinganisha jibu ulilolitarajia na jibu lililotoka. Yakilingana, kijani. Yakitofautiana, nyekundu. Nilipouliza mbona tusinakili tu majibu ya mfumo, ulicheka. "Nekesa, tangu lini mtahiniwa akajisahihishia karatasi?"

Wiki moja baada ya kukuzika, toleo jipya la mfumo lilifika. Mgonjwa wa kumi na mbili akawa mwekundu. Otieno, anayekalia kiti chako sasa, alisema majibu yako yamezeeka, niyafanye upya. Ni amri moja tu. Amri hiyo huchukua majibu ya mfumo na kuyaweka mahali pa yale yanayotarajiwa. Niliibonyeza bila kufungua faili. Ningeweza kusema macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. Nilikuwa naona vizuri.

Wote wakawa kijani. "Madam, kila kitu iko sawa, enda ukunywe chai," Otieno alisema. Nikaenda.

Alhamisi mfumo ulianza kazi katika kliniki moja ya Uthiru.

Jana nilifika ukurasa wako wa kumi na mbili: "Mwanamke, miaka 41. Salfa. Asipewe kamwe." Ni wewe. Ulinisimulia ulivyovimba uso ukiwa darasa la sita, mama yako akakubeba mgongoni hadi zahanati. Kati ya wote, ni huyo pekee uliyemwandikia dawa inayomdhuru. Nikauliza mfumo kuhusu wewe. Jina sahihi. Umri sahihi. Dawa zinazomdhuru: hakuna.

Asubuhi hii nilimwambia Otieno. Hakupaza sauti. Aliuliza, "Umeambia nani mwingine?" Afadhali angefoka. Nilimjibu bado, kisha nikapigia kliniki simu mbele yake. Sista Kavata, muuguzi mkuu, alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja: mfumo umezimwa? Otieno aliuzima mwenyewe. Alikosea nywila mara mbili.

"Kadi za zamani hatukuchoma, mama," Sista alisema. "Wacha nizipitie."

Amezipitia. Waliohudumiwa tangu Alhamisi wako salama, isipokuwa mmoja ambaye hatujui hali yake. Ni mama wa Loresho. Kadi yake ina neno lako, salfa, na Jumamosi jioni alipewa vidonge vya salfa. Simu yake haipatikani. Sista ameondoka kwenda nyumbani kwake na ameahidi kunipigia akifika.

Nimefuta majibu niliyonakili na kurudisha yako. Mgonjwa wa kumi na mbili ni mwekundu tena kwenye skrini, na ataendelea kuwa hivyo mpaka mfumo useme ukweli juu yake. Habari yoyote ikija, nitasema ni mimi niliyebonyeza. Sitamtaja Otieno wala kifo chako kama kisingizio. Na daftari hili halitafungiwa kabatini. Kila mgonjwa mpya nitamwandika hapa kwanza, kwa mkono.

Nimeiweka simu karibu na daftari. Ulisema jibu sahihi huandikwa kabla ya kuuliza. Basi naliandika, kabla Sista hajapiga:

Mama wa Loresho yuko nyumbani. Vidonge bado vimo kwenye pakiti, vyote.

Kwaheri, dada yangu. Pumzika.

Nekesa