Kifuko Kiunoni mwa Yule Bibi wa Kaure

Kota Na. 41,
Landi za Reli,
Nakuru.
Jumanne, 15 Machi 1955

Mpendwa kaka Peterson,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Khaemba, na za Nafula na wadogo zake wanaonizunguka hapa mezani. U hali gani huko Tanga? Wifi Adero hajambo? Na lile goti lako, limepona au bado unalificha ili usipelekwe hospitali? Nakujua. Sisi hatujambo. Kifua cha Khaemba kimetulia tangu alipotolewa kwenye moshi wa injini akapelekwa karakana. Vumbi tu la ziwani ndilo linalotumaliza, mvua bado.

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa lugha ya nyumbani, na nina sababu. Siku hizi za hali ya hatari barua zinafunguliwa. Wakikuta maneno wasiyoyajua watadhani tunaficha jambo. Basi wewe bwana unayeifungua, soma upesi uifunge vizuri, humu hamna kitu chako. Bahasha nitaipaka gundi ya unga mara mbili, kwa hiyo kaka, ukiikuta imelegea ujue.

Korosho ulizompa Kimaiyo wa gari la moshi zilifika. Sijazila. Mfuko ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi, na wifi namjua, hushona kwa mweupe. Nimeuweka juu ya kabati. Khaemba anacheka, anasema iko siku nitamshuku hata jogoo wangu kwamba anawika mapema makusudi. Acha acheke.

Sasa habari za kazi. Tangu Januari nashona kule Milimani kwa Memsabu Hartley, mjane wa mzungu wa mahindi. Huwezi kuamini ninachoshona. Nawashonea wanasesere! Si wale wa watoto kuchezea, la. Hawa ni wa kuwekwa kabatini nyuma ya kioo na kutazamwa, wana nyuso za kaure kama vikombe vya chai na macho yanayokufuata chumbani. Anataka wavae kama Wazungu wa miaka mia mbili iliyopita, wakati wanaume wao walipovaa soksi ndefu za hariri na nywele za kubandika, nyeupe kama za wazee ilhali ni vijana. Sketi za wanawake zinapanuliwa kwa fito ndani, kama tenga la kuku. Fito zenyewe nazitengeneza kwa njiti za ufagio. Lesi nashona kwa sindano nyembamba hata macho yananitoka machozi.

Kazi naipenda, sitakudanganya. Nyumba ndiyo sikuipenda. Tangu siku ya kwanza nilijiambia, Nanyama, shona, usile kitu humu. Mtumishi wa ndani, Wangare, alikuwa akiniletea chai verandani kila saa nne, na mimi nikingoja ageuke naimwaga kwenye maua ya waridi. Sikuwa na ugomvi naye. Lakini mtu anayekuletea chai kila siku bila kuombwa, anataka nini?

Huyu Wangare ni Mkikuyu, pekee aliyebaki barabara ile. Wenzake wote walipakiwa mwaka juzi wakarudishwa rizavu, ile ardhi waliyotengewa Wakikuyu. Yeye amebaki kwa karatasi ya kibali aliyopewa na memsabu, bila karatasi hiyo amekwisha. Alizaliwa Sachangwan kwenye shamba la mzungu. Huko rizavu hajui hata mlango wa kubisha.

Mwezi wa pili memsabu akanipa mwanasesere mkubwa kuliko wote, urithi wa bibi yake. Mimi humwita Bibi Mkubwa. Gauni lake la zamani lilikuwa limeoza, nikaambiwa nishone jipya mshono kwa mshono kama lile. Nikalipasua taratibu, na chini ya sketi mbili, kaka, nikakuta kifuko! Kifuko cha kitani, kirefu kama kidole changu, kimefungwa kiunoni kwa utepe.

Wewe ungesema nini? Kifuko kiunoni, chini ya nguo, mahali pasipoonekana! Mimi na wewe tulimwona nacho yule mwanamke wa kule kwetu Kimilili aliyesemwa ni mchawi, na mama akatukataza kupita tena uani kwake. Nikasema, hii ni hirizi, na hawa Wazungu wanaotucheka nao wanazo. Sikuigusa. Nilisali Baba Yetu, nikamvika gauni jipya nikiwa nimegeuza uso. Gauni la zamani lilikuwa na tundu ubavuni, kila upande moja, na mimi nikaliacha jipya hivyo hivyo, kwa kuwa niliambiwa mshono kwa mshono. Juu ya gauni memsabu akamning'inizia kwa mkufu saa yake ya dhahabu, ndogo kama ukucha, nayo ni ya bibi yake pia.

Tarehe mosi memsabu akaenda Molo. Alhamisi yake, nikiwa verandani, nikachungulia ndani nikamwona Wangare amesimama mbele ya Bibi Mkubwa. Mkono wake uko ndani ya sketi, ameupitisha kwenye tundu la ubavuni, na midomo inatembea. Nikasema ndiyo hiyo, anailisha hirizi! Alipokwenda jikoni nikaingia na sindano, nikayafunga matundu yote mawili, mishono midogo hata mimi mwenyewe siioni. Nikaenda nyumbani nimeridhika.

Jumamosi memsabu akarudi, saa hakuna. Wangare akasema bila kusita kwamba kikulabu cha mkufu kilikatika alipokuwa anafuta vumbi, akaitia saa kwenye kifuko cha mwanasesere isipotee, kupitia tundu la ubavuni. Memsabu akamgeuza mwanasesere kushoto na kulia. Mshono mzima. Hakuwa mtu wa kumvua nguo Bibi Mkubwa kwa neno la mtumishi. Akaniita.

"Wewe nashona hii. Iko tundu?"

Kaka, nilimwona Wangare akinitazama. Nikafikiri, huyu anataka kunitumbukiza, anajua nimeiona hirizi, sasa anataka nishikwe nayo mimi. Nikasema, "Hakuna tundu, memsabu." Na haikunitosha. Nikaongeza kwamba nilimwona ameingiza mkono kwenye nguo za mwanasesere wakati mwenye nyumba hayupo.

Askari wakaja. Karatasi yake ikachanwa pale pale mezani. Wangare hakulia, aliniuliza tu, "Mama Nafula, kweli?" Nikatazama cherehani.

Sasa sikiliza lililonipata jana. Memsabu alipata kitabu cha picha kwa posta, akanipa bila kukifungua sana, nimshonee mwanasesere wa pili, mwuza maziwa. Nikafunua. Ukurasa mmoja una msichana wa zamani yuko na shimizi tu, na kiunoni amefunga vifuko viwili vya kitani kwa utepe. Picha ya pili amevaa sketi, mkono ameupitisha kwenye tundu la ubavuni, anatoa leso. Ya tatu ni bibi kizee, naye anatoa funguo. Wote wanavyo, kaka! Ni mifuko. Wanawake wa wakati ule hawakuwa na mifuko ya kushonwa kwenye nguo, walijifunga kiunoni, basi. Mimi fundi, nimeshika mifuko maisha yangu yote, na sikuujua mfuko nilipouona.

Nikaenda kwa Bibi Mkubwa, nikabonyeza ubavu wake kwa vidole. Kuna kitu kigumu, cha duara.

Nilikunja kazi nikaja nyumbani. Nikisema, memsabu atauliza nani alifunga matundu. Nikisema ni mimi, atauliza kwa nini. Na askari wataandika kwamba fundi aliishonea saa ndani aje aitoe baadaye. Hata mimi ningejishuku. Kazi nitaipoteza, na labda kota, maana jina la Khaemba liko kwenye kitabu cha reli.

Lakini Wangare yuko kambini karibu na stesheni, na gari lao la kwenda rizavu linaondoka Alhamisi. Khaemba ameyaona mabehewa yakisafishwa. Nilipomweleza yote haya, hakucheka. Aliweka kijiko chini akaenda kukaa nje. Naogopa, kaka. Tangu jana sijaweza hata kutunga uzi kwenye sindano.

Jumamosi, 19 Machi

Kaka, sikuituma, naendelea hapa hapa.

Jumatano asubuhi nilikwenda Milimani. Memsabu alikuwa anakunywa kahawa. Nilimchukua Bibi Mkubwa kabatini bila kuomba ruhusa, nikamlaza mezani mbele yake, nikatoa wembe. Akapiga ukelele. Nikafumua mshono, nikatia vidole viwili, nikaitoa saa nikaiweka kando ya kikombe chake. Halafu nikamwonyesha ile picha.

"Nani nafunga?" akauliza.

"Mimi, memsabu."

"Wewe nataka kuiba?"

"Hapana. Niliogopa kile kifuko. Na Wangare hakusema uwongo, mimi ndiye niliyesema."

Aliichukua saa akaigeuza mkononi. Sikujua kama anaita askari au vipi. Mwisho akasema, "Wewe hapana rudi hapa," akachukua ufunguo wa gari na kofia. Nilisikia gari likiteremka kuelekea stesheni. Nikakusanya sindano zangu. Mwuza maziwa nimemwacha hana mikono ya gauni, na nakuambia kweli, iliniuma kumwacha hivyo.

Alhamisi mabehewa yaliondoka. Nilisimama mlangoni tangu yalipopiga filimbi mpaka moshi ulipoisha. Hakuna aliyeniambia kama Wangare yumo au hayumo, na sikuwa na uso wa kwenda kuuliza.

Jana saa kumi mlango ukabishwa. Ni yeye. Amekonda, kitambaa cha kichwa hana, lakini karatasi mpya ya memsabu anayo, alinionyesha kabla ya salamu. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Nilimwambia, "Wangare, nilikuharibia jina, nisamehe." Kisha nikateleka chai. Nikamimina kikombe kizuri, kile ulichotuletea harusini, nikakiweka mbele yake. Nilimwaga kidogo kwenye sahani.

Akakitazama kile kikombe. Akanitazama mimi.

"Yangu ulikuwa unaimwaga kwenye maua," akasema. "Kila siku. Nilikuwa nakuona kutoka dirisha la jikoni."

Kaka, sijawahi kuona aibu ya namna ile. "Na bado ulikuwa unaniletea?" nikamuuliza.

"Nilijua siku moja utasikia kiu."

Akainua kikombe, akanywa, hakupumzika mpaka kikaisha. Akakirudisha kwenye sahani yake. "Sukari ni kidogo," akasema, akafunga karatasi yake kwenye leso akaondoka.

Sijui kama amenisamehe. Ila nimezishusha zile korosho. Nusu nimempelekea Wangare leo asubuhi kwa mlango wa nyuma wa memsabu, nusu tumekula na watoto. Tamu sana. Mwambie wifi uzi mweusi unafaa kabisa.

Kazi sina kwa sasa, lakini usiwe na wasiwasi, cherehani ni yangu, na mke wa mchungaji ameniomba kanzu za kwaya. Ukimwandikia mama Kimilili, usimweleze habari hii, nitamweleza mwenyewe ana kwa ana. Nisalimie wifi Adero na watoto wote, umshike mdogo masikio kwa niaba yangu. Khaemba anasema upeleke hilo goti hospitali. Mungu awafunike huko mliko, na aturudishe tuonane tukiwa wazima.

Bahasha hii sikuipaka gundi. Nimeilamba tu, anayetaka kuisoma aisome.

Ni mimi dada yako, nisiyekusahau hata siku moja,

Nanyama