Meli Niliyowachagulia

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia pamoja na zile karatasi tatu za rangi za kampuni za meli, na nimefurahi kusoma kwamba wote mnaamka salama. Mpe wifi yangu pole ya mafua, mwambie asiyachekee. Na nyonga ya Mama je? Umesema anapanda ngazi kwa kushika ukuta, na ukimpa mkono anaukataa. Huyo ndiye Mama ninayemjua. Mimi huku sijambo. Hotelini bado ni msimamizi wa dobi, yaani chumba cha kufulia, nina wasichana saba na mashine tano, na moja kati ya hizo ina tabia ya kugoma kila Ijumaa kama mtu mwenye harusi ya kuhudhuria.

Kabla ya yote nimpongeze binti yako, Darubini wetu. Habari ya kukubaliwa chuoni kusomea wanyama wa baharini nimewasimulia wasichana wangu mara tatu, na mara ya tatu wakaniambia, “Mama, tumeshasikia.” Nikawajibu kwamba na kesho watasikia. Mtoto aliyekulia mbali na pwani, ambaye maji ya chumvi ameyaona kwenye sufuria tu, leo anaitwa na walimu wa bahari! Acha nivimbe kichwa, mdogo wangu. Mtu akiniuliza mbona natembea hivyo, namwambia mimi ni shangazi wa mtu.

Sasa nije kwenye ulilonituma. Umeniandikia kwamba juu ya safari hii nyumbani hamkuelewana. Wewe unaitaka ile meli kubwa kwa sababu ina madaktari wawili. Sishangai, maana dereva wa gari la wagonjwa kama wewe hata harusi anaitazama kwa jicho la ajali. Wifi anaitaka ile nzuri yenye shaba inayong'aa. Darubini anaitaka ile ndogo kuliko zote, na ukimuuliza sababu anakuletea orodha ya ndege kurasa nne. Mpaka Mama akakata shauri, akasema bahari ni ya dada yenu, achague yeye. Neno hilo limenikalia moyoni wiki tatu nzima, na utaelewa kwa nini.

Bahati nzuri meli zote tatu zilipita bandarini kwetu mwezi huu. Nikaomba ruhusa siku tatu, nikavaa lile gauni langu la kijani na viatu vya kufunga, nikaenda kuzikagua moja moja, kama mama anayemchagulia mwanawe mchumba.

Kwenye ile kubwa nilipokelewa na muuzaji wa safari, kijana mwenye tai na maneno ya kuteleza. Alinionyesha bwawa la kuogelea, ukumbi wa sinema, maduka, na chumba kimoja cha kunyoosha viungo ambacho peke yake kinazidi nyumba yenu. Nikamuuliza mtu anasimama wapi akitaka kuwaona wanyama. Akasema nisiwe na wasiwasi, kila chumba kina televisheni, mnyama akionekana anarushwa humo. Nikamwambia televisheni mama yangu anayo, na haihitaji kupandiwa ngazi. Alicheka. Wageni elfu na mia mbili, mdogo wangu. Mkipiga kelele kwamba pomboo huyo, mpaka Mama na nyonga yake wafike kwenye ukingo, pomboo keshakuwa bibi.

Ya pili ni ile ya wifi, na asinielewe vibaya, macho yake yako sawa. Ni meli ndogo, wageni arobaini tu, mbao zake unaweza kujitazamia. Mpokeaji wageni alinifungulia chumba kimoja, akasimama mlangoni akinisubiri nishangae. Mimi nikaenda moja kwa moja kitandani, nikaingiza vidole kwenye pindo la foronya. Pindo lilikuwa na unyevu. Juu imenyooshwa kama karatasi, ndani haijakauka. Wewe hutaona kitu hapo, lakini mimi naona mashine ya kukaushia iliyochoka, na mikono michache inayokimbizwa. Foronya haijui kusema uongo. Nikaomba kuonyeshwa dobi yao. Yule bwana akanitazama kama niliyeomba kuonyeshwa choo cha nahodha, akasema wageni hawashuki chini.

Nilipokuwa natoka, mlango mdogo wa pembeni ukafunguka, akatokea msichana na furushi la taulo. Mikono yake, kutoka kiwiko kwenda chini, ilikuwa na alama za kuungua na pasi ya roli, ile mashine ya kunyooshea mashuka, mistari miwili miwili. Mimi ninazo kama zile. Nikamuuliza polepole safari ya mwisho waliona nini huko nje.

“Nje gani, mama?” akasema, akacheka, akarudi alikotoka.

Sikuaga mtu. Nilishuka gatini, nikakaa juu ya kigingi cha chuma cha kufungia kamba mpaka moyo ukatulia.

Ya tatu nilikaribia kuipita. Rangi yake imebandikwa viraka kama suruali ya mtoto mtundu. Ni ndogo, wageni ishirini na wanane, na nahodha ni mama wa makamo mwenye sweta lililotoboka viwiko, ambaye nilimkuta anamenya viazi pamoja na mpishi kwa kuwa mpishi alikuwa na kidole kibovu. Nikamweleza shida yangu: mama mzee asiyependa kushikwa mkono, mdogo wangu anayeogopa kila kitu, wifi anayependa vitu vizuri, na binti anayekwenda chuoni kusomea hayohayo. Akaweka kisu chini, akafuta mikono, akanitembeza yeye mwenyewe.

Vyumba vya kulala viko sakafu moja na chumba cha kulia, hakuna ngazi hata moja kati yake. Kwenda sitahani kuna vipandio kumi na kimoja, vipana, na vyuma vya kushika pande zote mbili. Nimevihesabu mara mbili kwa ajili ya Mama. Anaweza kujifanya hashiki. Daktari hawana, ila mhudumu mmoja alikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na wanapita katikati ya visiwa ambako hospitali haiko mbali. Kwa hiyo wewe tulia. Maji ya huko ni tulivu. Kwenda kuwatazama sili na ndege miambani mnashushwa kwenye boti za mpira, na Mama atashushwa akiwa amekaa kwenye kiti. Nahodha aliniambia pia jambo ambalo Darubini atalipenda: hawamfukuzi mnyama. Wakimwona wanazima injini na kungoja, naye akitaka anakuja, asipotaka anakwenda zake.

Nikaomba kuona dobi. Nahodha hata hakuuliza kwa nini. Iko juu, mdogo wangu. Juu, si chini! Chumba chembamba chenye dirisha la duara, na nje ya dirisha bahari yenyewe. Dobi wao ni mzee mmoja mwenye kipara, na pembeni ya pasi yake, kwenye msumari, ametundika darubini. Akanieleza kwamba wanyama wakionekana kengele hupigwa mara tatu, na kengele hiyo ni ya watu wote: mpishi anaacha sufuria, mhudumu anaacha ufagio, yeye anaacha pasi, anabaki mtu mmoja tu kwenye usukani na mmoja kwenye injini, nao hupokezana. Mwaka jana alikimbilia kundi la pomboo akaisahau pasi juu ya shati la nahodha. Nahodha, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema shati hilo bado analivaa, alama akiiweka upande wa mgongoni ili asiione.

Nikapindua shuka moja lililokunjwa, nikatia vidole kwenye pindo. Kavu. Nikageukia dirisha ili wasinione uso, nikamwambia nahodha aandike watu watano. Ndiyo hiyo, mdogo wangu. Hiyo ndiyo meli yetu.

Sasa nifikie lile linalonizuia usingizi tangu mniite mwenye bahari.

Mimi sijawahi kumwona nyangumi. Wala sili, wala kasa, wala pomboo hata mmoja. Miaka kumi na mmoja nilikaa ndani ya meli, na miaka yote hiyo nilikuwa dobi, ghorofa mbili chini ya usawa wa maji, mahali pasipo na dirisha. Niliposema nahudumia wageni sikusema uongo, maana mashuka yalikuwa ya wageni. Lakini nilijua mlichoelewa, nikaacha mwelewe hivyo.

Ilianza hivi. Nilikuwa na miezi mitatu kazini, Baba ametoka kufariki, na wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ukaniandikia mistari miwili tu: Mama haongei. Dada, umeona nini huko? Nikatazama nilichoona. Povu, mvuke, ukuta wa chuma. Nikaona siwezi kuitia povu kwenye bahasha. Mwenzangu wa chumbani alikuwa msafishaji wa vyumba vya juu, na jioni alinisimulia aliyoyasikia kwa wageni. Nikayachukua, nikayaandika kana kwamba macho ni yangu. Ukanijibu kwamba Mama alicheka, na kwamba ameisoma barua kwa majirani. Basi, nikawa nimeshapanda juu, na kushuka sikuweza.

Ile barua mnayoipenda, ya nyangumi aliyepita karibu mpaka pumzi yake ikanilowesha uso, nitakwambia ilivyokuwa. Nilikuwa napiga pasi. Ghafla sakafu ikainama upande mmoja, taratibu, maji ya mashine yakatiririka yote kwenda kona moja, kikapu cha foronya kikayafuata. Nikashika bomba. Mwenzangu aliyekuwa kwenye mashine ya pili akasema, “Wameona kitu huko juu.” Mamia ya watu walikuwa wamekimbilia upande mmoja wa meli kumtazama, na uzito wao ndio uliotufikia sisi. Baada ya dakika chache sakafu ikarudi. Aliyenilowesha uso ni mvuke wa pasi. Huo mwinamo ndio nyangumi wangu wote.

Kwa miaka nilijiambia haidhuru, ni hadithi za kumfurahisha Mama. Lakini mwezi uliopita Darubini alinitumia nakala ya insha aliyowaandikia chuoni. Amesema barua yangu imebandikwa juu ya kitanda chake tangu hajajua kusoma, na kwamba amechagua njia hii kwa sababu shangazi yake aliona. Nimeisoma nimesimama katikati ya mashine zangu. Mdogo wangu, sijawahi kujivunia kitu namna ile, wala kuona haya namna ile, na vyote viwili vilinijia katika pumzi moja. Mtoto anakwenda kuwa mtu wa kusema yaliyopo kama yalivyo. Siwezi kusimama naye sitahani, aniulize huyu ni yule wa barua yako, nami nitikise kichwa.

Kwa hiyo nakuomba usinifichie wala usinipambie. Mpe barua hii aisome mwenyewe, kisha amsomee Mama kwa sauti, wifi akiwepo. Kama watakasirika, wana haki. Ila mwambie na hili: shangazi yake alikunja mashuka mia nne kwa siku, na katika miaka kumi na mmoja halikurudishwa hata moja. Hilo nililiona kwa macho yangu na kulishika kwa mikono yangu. Sikujua kwamba ndilo lingekuja kunisaidia kuwachagulia meli, lakini limenisaidia, na sioni ambaye angewachagulia vizuri zaidi.

Tunaondoka tarehe sita ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Mje siku moja kabla, mlale kwangu. Godoro la Mama nimeshalianika. Kila mtu aje na sweta na viatu vyenye soli ya mpira. Wifi asibebe pasi, namjua. Wewe usije na lile sanduku lako la dawa; au njoo nalo, maana najua utakuja nalo.

Na Darubini, mwambie hivi: kengele ikipigwa, asinisubiri, akimbie. Akishampata mnyama kwenye kioo chake, ndipo anivute mkono anionyeshe pa kutazama, maana mimi sijui hata wanaanzia kuonekana upande gani, kichwa au mgongo. Anifundishe tangu mwanzo. Nitakuwa mwanafunzi wake wa kwanza.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, hata akijipangusa shavu. Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia wape zao. Mungu awalinde mpaka tuonane gatini.

Ni mimi dada yako,
Dobi.