Mkono Uliozungusha Ufunguo

Bogotá, Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya Pamplona? Na ile mipichi ya uani, imeshachanua? Mimi ni mzima, na leo ninakuandikia nikiwa nimevimba kichwa kwa fahari. Nivumilie.

Unakumbuka daktari wa kwanza aliniambia nimechelewa: taya langu la juu ni jembamba kuliko la chini, na kaakaa la mtu mzima mfupa wake umeshashikana, hautanuki ila kwa kupasuliwa. Nililia njia nzima. Daktari Villamizar akakubali tujaribu kwanza kifaa kinachoshikiliwa na skrubu ndogo kwenye mfupa wenyewe, kikizungushwa kidogo kila jioni kwa ufunguo. Meno ya mbele yakiachana, alisema, mfupa umefunguka. Yasipoachana, ni kisu.

Mama, yameachana! Nina mwanya unaopitisha ncha ya penseli. Wenzangu chuoni wananiuliza jino nimemwachia nani, nami nacheka mdomo wazi, mimi niliyezoea kujiziba kwa kiganja. Daktari atauziba baadaye kwa waya. Nimemwomba asiharakishe. Arepa za mahindi bado nazilowesha kwenye kikombe cha chokoleti ili zilainike, lakini napumua kwa pua kama watu wengine.

Sasa jambo nililokuficha. Ufunguo ule ni vigumu kujizungushia. Nilijaribu kwa kioo nikajichoma ulimi. Nikaenda kubisha kwa mama mdogo Yamile. Ndiyo, mdogo wako yuleyule, ambaye hujamtaja jina tangu alipokosa kuja kumzika bibi. Hakuniuliza chochote. Alivaa miwani, akawasha tochi, akasema, "Fumbua, kifaranga. Zaidi! Na ukining'ata, nami nakung'ata." Kila jioni ni yeye. Mwanya ulipotokea alifungua dirisha akawaita majirani waje kuona, kisha akaingia jikoni kulia, akidhani simsikii. Aliporudi alisema, "Mwambie Otilia mdomo wa binti yake nimeufungua mimi. Akitaka kununa, anune."

Juma Kuu ninakuja nyumbani. Ufunguo haujamaliza kazi yake, na simwamini mtu mwingine mdomoni mwangu. Kwa hiyo, mama, tandika vitanda viwili.

Nisalimie majirani wote, na paka pia. Nakubusu mikono.

Binti yako mwenye mwanya,
Oriana