Nimechezea Mizani ya Mke Wangu Ili Ale

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, naomba msaada wako, na naomba kabla hujanitukana unisome mpaka mwisho, maana mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nina mke na mabinti wawili, na barua ya namna hii sijawahi kuandika, hata mke wangu nilimchumbia kwa mdomo.

Kazi yangu ni ufundi wa mizani. Natengeneza za wauza nyama, za wauza nafaka, za kliniki za watoto, karakana yangu ni chumba kimoja chenye meza, bisibisi na mawe ya kupimia, na kwa miaka ishirini hakuna aliyeweza kunishawishi niibie mtu hata gramu kumi, wapo wauza nyama waliojaribu nikawaambia wapeleke kwingine, mpaka watu wakanibatiza Msema Kweli, jina ambalo siku hizi nikiitwa barabarani nageuka upande mwingine kama sijasikia.

Mke wangu ni msusi, ana miaka arobaini na moja, anasimama kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni mikono iko juu ya vichwa vya watu. Miezi mitatu iliyopita alikuja na karatasi aliyopewa na mteja, karatasi ya kupunguza uzito, inasema kalori mia nane kwa siku basi, akaibandika kwenye mlango wa friji. Alikuwa na kilo themanini na mbili na anataka sabini. Sijui hasa ni nini kilimwingia, labda ni ile siku ya picha ya familia kwa wakwe zangu, nilipomwambia asogee pembeni kidogo ili na sisi wengine tuonekane, lakini ule ulikuwa utani tu, watu wote walicheka na yeye alicheka. Akaniomba nimletee mizani mbili, ndogo ya kupimia chakula na nyingine ya kukanyaga, ile yenye mshale, na mimi kwa ujinga wangu nikazileta nimezisafisha zinang'aa.

Shangazi, nyumba imebadilika. Asubuhi anakunywa chai kavu na nusu yai, mchana tango, jioni vijiko vitatu vya maharage ambavyo amevipima na kuviandika kwenye daftari, halafu anatupakulia sisi wali, anakaa pembeni na glasi ya maji akitazama sahani zetu, mpaka binti yangu mdogo ameacha kuomba kuongezewa. Mikono yake imekuwa baridi. Siku moja kule saluni alishikwa na kizunguzungu akamkalia mteja mapajani, wakacheka wote, jioni akanisimulia tukacheka na sisi, lakini niliona kijiko kinamtetemeka mkononi. Nikamwambia mama watoto, kula, tafadhali, akanijibu, "Baba watoto, usinirudishe nyuma, hata mshale wenyewe bado haujashuka vya kutosha."

Hapo ndipo shetani alinipitia. Nikawaza kwamba kumbe anachosubiri ni mshale, basi mshale ukimwambia amefika, atakula. Alipokwenda kazini nikaigeuza mizani, nikaifungua, nikakaza springi yake, sifuri nikaiacha pale pale kwa sababu mke wangu ana macho, lakini mtu akikanyaga inamsoma kilo mbili chini. Jumapili asubuhi akapanda, akapiga kigelegele, akanirukia shingoni, na tangu tupate binti wa pili sikuwa nimekumbatiwa hivyo, na pale pale ndipo nilipotakiwa kusema, nikanyamaza. Nikajua leo atakula. Akachukua daftari lake akasema, "Kumbe inawezekana! Nikishuka hadi mia sita nitafika haraka zaidi."

Nikachanganyikiwa. Nikakaza tena, kilo mbili nyingine, ili afike hiyo sabini tuyamalize. Jumapili iliyopita mshale ukagusa sabini, nami nilishanunua kuku, nimempika mwenyewe toka asubuhi, mke wangu akashuka kwenye mizani, akanibusu, akasema, "Sasa sitini na tano." Kuku tukamla mimi na watoto.

Ukweli ni kwamba ana kilo sabini na nne. Ni mimi peke yangu ninayejua. Nywele zinamkatika, zinabaki kwenye kitana, mtu anayetengeneza nywele za wenzake. Siku zake za mwezi zimepotea. Alhamisi alizimia saluni, alipozinduka yuko sakafuni na draya bado inavuma, akasema ni joto. Na wasusi wenzake wawili wameanza kumfuata, kwa ushahidi wa mizani yangu mimi.

Nikiirekebisha kimyakimya ataona ameongezeka kilo nne, ataacha kula kabisa. Nikiiacha anazidi kuisha. Nikimwambia, hataniamini tena katika jambo lolote, si la mizani, si hata nikimwambia nampenda. Je, hizo kalori mia sita kweli ni kidogo mno, au ni woga wangu tu? Nifanyeje? Na tafadhali nifiche, kwa sababu gazeti hili hufika saluni kwake kila Jumamosi na wateja husomeana ukurasa wako kwa sauti.

Ni mimi,
Mume mwenye bisibisi

*

Mume mwenye bisibisi, iweke chini kwanza.

Halafu nisikilize vizuri. Nimejaribu kukuficha nimeshindwa. Nilifikiri nikufanye seremala, lakini seremala gani anafungua mizani ya kukanyaga? Mafundi mizani wenye wake wasusi na mabinti wawili ni wangapi duniani? Nilipiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha mara tatu ili nikuonye, hukupokea. Sasa gazeti linatoka leo Ijumaa, na kesho kuna mama atakuwa amekaa na rangi kichwani analisoma kwa sauti, na mkeo amesimama nyuma yake. Kwa hiyo habari ya kumwambia au kutomwambia tumeshaimaliza. Unamwambia leo.

Usinichukie. Ukiachiwa wewe, ungekaza hiyo springi mpaka mama wa watu asome kilo hamsini.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimepokea barua za wanaume wengi hapa. Wengi wanalalamika mke amenenepa, na ninawajibu ninavyojua mimi. Wewe ni wa kwanza kulia kwa sababu mkeo hali. Hilo nimeliona na nimelipokea. Lakini kumpenda mtu hakukupi ruhusa ya kumdanganya kuhusu mwili wake mwenyewe. Wauza nyama uliwakatalia gramu kumi, mkeo ukampunja kilo nne! Njia ya mwongo ni fupi, baba, na yako imeishia sakafuni saluni.

Sasa swali lako. Mimi si daktari, kwa hiyo nilikwenda kumuuliza mtaalamu wa lishe, mwanamke mpole ambaye upole wake ulikwisha niliposema mia sita. Alisema hivi: kwa wanawake wengi walio watu wazima, kalori elfu moja na mia mbili kwa siku ndiyo sakafu, na kwa wanaume wengi ni elfu moja na mia tano. Kwenda chini ya hapo ni jambo la kufanywa chini ya macho ya daktari, damu inapimwa, moyo unasikilizwa. Na sakafu ni sakafu, si mahali pa kulenga. Mtu anayesimama saa kumi kwa siku mikono juu anaweza kula elfu moja na mia tano hadi elfu moja na mia sita, na bado akapungua nusu kilo kwa wiki. Ndiyo mwendo wenyewe huo, nusu kilo, ikizidi sana kilo moja. Mkeo anakula nusu ya sakafu. Si woga wako. Macho yako yanaona sawasawa.

Na ile karatasi ya kwenye friji? Niliuliza pia. Mlo wa kalori mia nane hupewa baadhi ya wagonjwa kwa muda maalumu, kwa mfano kabla ya upasuaji, na huangaliwa kila wiki. Inawezekana kabisa kwamba yule mteja alipewa na daktari wake kwa ajili ya mwili wake yeye, akampa mkeo kwa roho nzuri. Dawa ya jirani haimezwi kwa kuwa jirani amepona. Ibandueni.

Kizunguzungu, kuzimia, baridi mikononi, nywele, siku zake kupotea: mdharau mwiba mguu huota tende. Kituo cha afya ni kesho asubuhi, usingoje wiki ijayo, saluni itafunguliwa na wengine. Wampime damu na presha, waambieni ukweli wote, mia sita, kwa wiki ngapi. Na akianza kula asiruke siku moja kutoka tango hadi sinia. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hurudishiwa chakula polepole, na hao wa kituo ndio watakaokuelekezeni kiasi gani na kwa siku ngapi. Wasusi wenzake nao wasikie maneno haya haya.

Nakuja kwenye jambo ulilotaka nilipite. Umeniandikia kurasa tatu za springi na mshale, halafu katikati ukachomeka sentensi moja kuhusu picha ya familia. "Utani tu." Watu walicheka na yeye akacheka. Mwanangu, alikuwa mbele ya wazazi wake, ulitaka afanye nini, alie? Ulimi hauna mfupa, lakini wako siku ile ulivunja kitu, na mkeo amekuwa akijisogeza pembeni tangu hapo, sahani kwa sahani, ili ninyi wengine muonekane. Huyo mama hakuanza njaa kwa sababu ya karatasi ya mteja. Karatasi ilimkuta ameshaumia.

Kwa hiyo leo una toba mbili, na ya mizani ndiyo nyepesi. Anza na ile nzito. Usiseme "kama nilikuudhi." Sema, "Nilikuaibisha mbele ya wazazi wako, na nilikosea." Watoto wawe kwa jirani. Mwache anyamaze kadiri atakavyo, usijaze ule ukimya kwa maelezo. Kisha leta mizani mezani na mawe yako ya kupimia, ifungue mbele yake, umwonyeshe ulichofanya, uirekebishe akiwa anaangalia. Na kabla hajalia kuhusu hizo kilo nne, fanya hesabu kwa sauti: kutoka themanini na mbili hadi sabini na nne ni kilo nane. Nane za kweli. Hakuongezeka hata moja, ila amezilipia kwa nywele zake na kuzimia kwake, na bei hiyo hatuikubali tena. Baada ya hapo mizani hiyo irudi karakana. Akitaka kupima, apime kituoni, mara moja kwa wiki mbili, mtu mwingine akisoma.

Akikasirika, ana haki. Akikuhamishia sebuleni, nenda na mto wako bila kubishana. Kuaminiwa kutarudi taratibu, na kutarudi kwa wewe kuwa mkweli kwenye mambo madogo siku baada ya siku, kama vile ulivyopata heshima kazini. Hukuipata kwa wiki moja. Na yule binti mdogo, kuanzia leo jioni mwongezee chakula bila kusubiri aombe, maana amejifunza kwa kumtazama mama yake.

Nimemaliza na wewe. Maneno haya ya mwisho si yako.

Mama msusi, ikiwa gazeti limekufikia kabla mumeo hajapata ujasiri, kaa kwenye kiti, mteja atasubiri. Uliaibishwa, halafu ukadanganywa, na aliyefanya yote mawili anakupenda mpaka amepoteza akili. Ukitaka kupungua, pungua, mwili ni wako, na iko njia ambayo haitakuangusha. Ukifika nyumbani mgombeze fundi wako mpaka ukuta utetemeke, amestahili. Lakini usimgombeze ukiwa na njaa, mwanangu. Kula kwanza.