Mtoto Haitwi Upendo

Jumamosi, Endasak. Baridi kali. Ukungu umeshuka kutoka mlimani tangu asubuhi, na sasa ni alasiri bado haujanyanyuka.

Naandika nikiwa nje ya nyumba ya mama, nimekaa kwenye kigoda, vidole vimekufa ganzi. Mama yuko ndani. Mimi niko nje kwa sababu hajaniambia niingie, na kwa hali ilivyo leo siwezi kujikaribisha.

Shajara yangu, leo usitegemee maneno matamu.

Nanyi mnaonifuata kwenye blogu hii siku nyingi mnajua kwamba mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kule Endagikot, na kwamba naandika riwaya kwenye simu, nazigeuza PDF, nauza mwenyewe mtandaoni. Sina mchapishaji. Jalada natengeneza mwenyewe, makosa nasahihisha mwenyewe, na nikiumbuka naumbuka mwenyewe.

Kitabu changu cha kwanza nilikiita Nyumba Isiyoazima Moto. Kinamhusu mama aliyefiwa na kichanga, halafu kijiji kikamtenga. Hapa hapa kwenye blogu niliwaambia kwamba ni hadithi ya kubuni tu.

Si ya kubuni. Ni mama yangu.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama alijifungua mtoto wa kike. Mtoto akakaa nasi siku chache tu, akafariki kabla ya kubatizwa. Bibi, mzaa baba, akashika mila ya wazee, ile wanayoiita metimani: nyumba iliyopatwa na msiba wa namna hiyo inakaa peke yake mpaka muda wake uishe. Siku hizi imepungua sana, watu wengi ni wa kanisani, lakini kwa bibi yangu ilikuwa sheria. Hakuna jirani aliyekanyaga kwetu, nasi hatukukanyaga kwa mtu. Hatukuazima moto wala chumvi. Mama hakula pamoja nasi. Alikuwa na kibuyu chake na bakuli lake, alikaa nje peke yake, maziwa yakimtoka na kulowesha kitenge, na sikumsikia mtu hata mmoja akimwambia pole. Muda ulipoisha bibi alikivunja kile kibuyu na maisha yakaendelea. Yule mtoto hakutajwa tena nyumbani kwetu.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeibeba picha ile ya kitenge kilicholowa. Nikaiandika. Nilibadilisha jina la mama, nikabadilisha jina la kijiji. Mtoto hakuwa na jina, nikampa mimi. Nikamwita Upendo. Nililipenda, lilisikika vizuri kwenye sentensi.

Sasa niwaeleze habari za kundi letu. Tuko waandishi huru wengi kwenye kundi moja la simu, kila mmoja na mkoa wake, wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso. Desturi yetu ni kwamba kila Ijumaa unatuma sura ya kwanza ya kitabu chako, wenzako wanakutia moyo. Kutiana moyo ndiyo dini ya pale. Faili halijafunguka, alama za moto zimeshajaa. Hongera mwandishi! Kalamu kali! Mtu hajasoma hata jalada. Nami nilikuwa hivyo hivyo, siwezi kuwacheka. Niliwahi kumwandikia mwenzangu "nimelia jamani" huku nasahihisha madaftari ya hesabu.

Ijumaa moja mwezi uliopita nilikuwa na mafaili mawili kwenye simu, moja la sura ya kwanza, jingine la kitabu kizima, na majina yake yanakaribiana. Kengele imegongwa, darasa la tano wananisubiri. Nikatuma haraka haraka. Nikaangalia vizuri, nimetuma kitabu kizima.

Mungu wangu.

Nikalishikilia lile faili nilifute, na kwa papara ile nikabonyeza "futa kwangu" badala ya "futa kwa wote". Kwenye simu yangu likatoweka. Nikashusha pumzi, nikaingia darasani, nikafundisha hesabu za sehemu kwa furaha kabisa.

Mwandishi mwenzangu wa vitabu vya simu unayesoma hapa, najua umeshashika kichwa.

Jioni mtu mmoja kundini akanishukuru kwa "zawadi ya kitabu kizima". Ndipo nikajua kwao halikufutika. Nikamwomba admini alifute, na kweli alilifuta, lakini watu walishalipakua na wengine walishalirusha mbele. Nikamlilia admini. Akanijibu, "Mwandishi hakati tamaa! Hiyo ni promosheni ya bure!" Akaongeza na alama za moto.

Nilivyokuwa nahuzunika, nilikuwa nahuzunikia mauzo yangu. Eti mauzo.

Faili lilitembea. Likatoka kwetu likaingia kundi la ukoo fulani, likatoka huko likaingia kundi la kwaya ya Endasak. Na mimi, pamoja na ujanja wangu wote wa kubadilisha majina, niliuacha mle mle kitabuni mparachichi wetu uliopigwa radi, nikauacha mlango wetu wa bluu, nikaacha na namna bibi alivyokuwa akiburuta mguu. Watu wa kwetu si wajinga.

Aliyenipigia ni wifi yangu Paulina, mke wa kaka, anayeishi boma moja na mama. Akaniambia, "Wifi, mama amesomewa kitabu chako mashineni."

Mama alikuwa amepeleka mahindi kusaga. Kwenye foleni, binti mmoja wa kwaya alikuwa anawasomea wenzake kwenye simu, pale pale kwenye maziwa na kitenge. Hakuna aliyecheka, nasikia wengine walikuwa wanajifuta machozi. Kisha mwanamke mmoja akageuka akamtazama mama. Wakageuka wote. Mama akaacha mahindi yake pale, akaondoka kwa miguu. Unga wake uliletwa jioni na bodaboda.

Tangu siku ile hakupokea simu yangu. Nilipiga inaita, inaita, mpaka inakata yenyewe. Nikapiga kwa simu ya wifi, mama akisikia ni mimi anasema ana kazi.

Kundini, huku nyuma, nilikuwa nyota. Nilijikakamua nikawaeleza yaliyonipata, nikidhani watanipa pole. "Kitabu kimefika hadi kijijini, aisee, umetoboa!" "Toleo la pili lini?" "Hayo ya mashineni yaweke kwenye sehemu ya pili, yatauza!" Sijawahi kutiwa moyo kiasi kile maishani mwangu, na sijawahi kujichukia kiasi kile.

Alikuwapo mmoja tu ambaye hakuweka moto. Dada Mwanahawa, nesi aliyehamishiwa Balangdalalu akitokea pwani. Naye ameandika kitabu, kinahusu wodi ya wazazi, na nilikisifu sana bila kukifungua. Wiki hii alinipigia simu. Akasema amekisoma changu mpaka mwisho na amekirudia. Akasema nimeandika vizuri. Halafu akasema, "Lakini mwalimu, kitabu kizima huyo mama haongei. Ulimuuliza?"

"Hapana," nikamwambia.

"Basi nenda kamuulize. Mambo ya toleo la pili achana nayo kwanza."

Nilivyokata simu nilifungua faili langu nikatafuta. Kweli. Bibi anaongea, majirani wanaongea, mimi ndiyo naropoka kuliko wote. Mama hana hata sentensi moja.

Basi leo nimekuja. Nimeshuka barabarani, bodaboda akanipandisha mpaka hapa kwenye ukungu. Mama alikuwa kwenye kizingiti anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Macho yako kwenye maharage.

Hakuniuliza habari za safari. Hakuniuliza wajukuu zake, na mama yangu hajawahi kuacha kuuliza wajukuu. Aliinuka, akatoa kigoda, akakiweka nje mbali na mlango. Akarudi ndani akaleta chai kwenye kikombe cha plastiki ambacho sijawahi kukiona nyumbani hapa. Hakunipa mkononi. Alikiweka chini kwenye jiwe, akarudi kizingitini.

Wifi aliona, akaingia kwake taratibu akafunga mlango.

Mama yangu amenitenga.

Nikaanza kusema mama nisamehe, akanikatiza. "Wenzangu wanacho chote kwenye simu zao. Mimi nimesomewa kipande, tena kwenye foleni. Soma."

Nikasoma. Kitabu chenyewe si kirefu, lakini leo kilikuwa hakiishi. Yeye kizingitini, mimi kwenye kigoda, napandisha sauti ili anisikie kama naita mahudhurio. Zile sentensi nilizojivunia ndizo zilizonitia aibu zaidi. Nilipofika pale nilipoandika kwamba mama alilia mpaka sauti ikakauka, akasema, "Sikulia." Nikaendelea kusoma. Nilipofika pale bibi anapompita bila kumtazama, akasema, "Alikuwa ananiletea uji alfajiri, ninyi mmelala. Hakutaka mtu ajue. Hilo hukuliona." Nikaendelea. Ningefanya nini? Nikaendelea.

Kisha nikafika ukurasa ule ambao wasomaji wangu wengi wameusifu, mama wa kitabuni anapomfunika mtoto na kumwita Upendo moyoni.

Mikono ya mama ikasimama kwenye ungo.

"Upendo ni nani?"

"Ni mtoto, mama. Jina nimelitunga. Si hakuwa na jina?"

"Nani kakwambia hakuwa na jina?"

Jamani. Nilikaa na simu mkononi kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

Akalitamka. Jina la kilugha chetu, fupi, akalisema akiwa anaangalia maharage. Akasema alimwita hivyo tangu alipomshika mara ya kwanza. Akasema zile siku zote alizokaa nje peke yake, ambazo mimi nimeandika kwamba alikaa kimya, alikuwa anamwita. Alikuwa anamsemesha kwa sauti ya chini ili sisi tusisikie. Baba alifariki bila kulijua. Kanisani hawalijui. Wifi, anayeishi naye kila siku, halijui.

"Nimekaa nalo peke yangu miaka yote hii," akasema. "Halafu wewe umewapa watu jina jingine ndilo wamlilie."

Mimi nililia. Yeye hakulia, aliniacha nilie mpaka nikatulia. Kisha akaniuliza kama naweza kukirudisha kile kitabu kutoka kwenye simu za watu. Nikamwambia hapana mama, kikishatoka hakirudi.

"Basi waandikie. Waambie mtoto haitwi Upendo."

Nikamuuliza niwaambie anaitwa nani.

"Hapana. Hilo si la kwao." Akanyanyua ungo wake akaingia ndani.

Kwa hiyo naandika kwa sababu nimetumwa. Kama una kile kitabu kwenye simu yako, ulikinunua au ulirushiwa na mtu, mtoto yule haitwi Upendo. Ana jina, mama yake ndiye aliyempa. Kitabuni halimo na hapa pia halimo.

Nimeshalifungua faili na nimeanza kurekebisha. Ndiyo raha ya vitabu vyetu hivi, kubadilisha jina ni kazi ya muda mfupi. Kila palipokuwa na Upendo nimeandika "mtoto" tu. Ila zile nakala zinazotembea siwezi kuzigusa. Kuna watu nisiowajua, sijui wako Songea, sijui Mwanza, watamkumbuka mdogo wangu kwa jina nililomchagulia kwa sababu lilisikika vizuri. Hilo limeniuma kuliko mauzo yote ya dunia, na sina mahali pa kubonyeza likafutika.

Kundini wananitafuta. Admini ameweka bango lenye picha yangu, "Mwandishi wa Mwezi", na moto umejaa chini yake. Sijajibu, na sidhani kama nitajibu. Dada Mwanahawa nimemwandikia neno moja tu kwamba nimeuliza. Kitabu chake cha wodi ya wazazi nimekipakua, na safari hii nitakisoma chote kabla sijafungua mdomo kumwambia kitu.

Kesho ni Jumapili. Kwaya nzima itakuwa pale mbele, na wale wanawake wa mashineni watakuwa kwenye mabenchi. Sijui kama mama ataniruhusu nikae karibu naye au nitakaa nyuma kama mgeni.

Chai ilishapoa, nimeinywa hivyo hivyo. Kikombe nimekirudisha juu ya jiwe, pale pale alipokiweka yeye. Ndani naona mama amewasha moto na kubandika maharage. Mlango wa bluu ameuacha wazi kidogo. Nimeutazama kwa muda mrefu sasa, na sijui kama ameuacha kwa ajili yangu au ni kwa ajili ya moshi.