Neno ya Cyusa kwenye matanga ya papa

Umulisa, acha kila kitu usome.

Leo tulimaliza matanga ya papa wetu, hapa nyumbani Rugerero. Unajua ni mutoto mukubwa ndiye anasemaka neno ya familia. Kaka yangu Cyusa hakukuja kutoka Bruxelles. Bon, alituma audio kwenye groupe ya familia. Mama akavaa mushanana, nguo yake ya heshima, akaketi karibu na spika, akanyamazisha watu: "Mutoto wangu anataka kusema."

Yewe! Sauti ya mashine. SAUTI YA MASHINE, Umulisa! Baridi kama mawe, ata jina ya papa inaishinda kusoma.

Halafu, palepale kwa "papa alitupenda sana", ikaingia kelele ya mupira, mutangazaji anashangilia goli: "Buuut! Buuut!" Mbele ya padri!

Phocas, ule mwenye alileta spika, akanieleza polepole: "Aliandika tu, kompyuta ikasoma, akarekodi sauti ya ndani ya kompyuta. Ile inakamata kila kitu kompyuta inacheza. Ila sauti yake mwenyewe haimo."

Donc anamulilia papa huku anaangalia mupira! Mupira, Umulisa!

Sasa hivi Cyusa ameniandikia: "Iliwapendeza?"

Mama iko hapa pembeni, simu yake kwenye sikio, ni mara ya tatu anairudia ile audio. Nikamwambia, mama, acha basi.

Akasema: "Nyamaza. Pengine kule mwisho atasema mwenyewe."